Je, wawindaji wa wakati wa korona waliwamaliza bata mzinga wa Kentucky?

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni Mkongomani, naishi karibu na Louisville, Kentucky. Mwaka 2020 kiwanda chetu kilipofungwa kwa sababu ya korona, mwenzangu wa kazini alinichukua kwenda kuwinda bata mzinga wa porini. Msitu ulijaa watu. Hata siku ya Jumanne hukupata pa kuegesha gari. Mwaka 2021 tukarudi, kimya. 2022 vilevile. Wazee wa huku wakaanza kusema watu wa korona wamemaliza ndege, na wakisema hivyo naona wananihesabu na mimi. Lakini 2023 madume walilia kila upande wa bonde! Sasa kweli ni ipi? Tuliwamaliza au hatukuwamaliza? Na kama hatari ilikuwepo, kwa nini serikali haikufunga mawindo? (Msomaji, Kentucky)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: hamkuwamaliza. Lakini wazee wako nao hawakukosea kuhofia, maana yaliyotokea majira yale ya kuchipua hayakuwa ya kawaida, na kuna majimbo ambako shinikizo lile liliwakuta ndege wakiwa tayari wamechoka. Mambo mawili yamechanganywa katika maneno ya pale kwenu: wingi wa watu msituni, na kupungua kwa ndege. Yote mawili ni ya kweli, ila la kwanza halikuzaa la pili kwa namna watu wanavyodhani.

Tazama kwanza tarehe. Hali ya dharura ya kitaifa Marekani ilitangazwa Machi 13, 2020. Msimu wa bata mzinga katika majimbo mengi ya kusini ulikuwa ukifunguliwa mwezi Machi, na kwenu Kentucky mwaka ule ulianza Aprili 18 hadi Mei 10. Yaani shule zilifungwa, viwanda vikasimama, michezo ikafutwa, makanisa yakafunga milango, na wiki hizo hizo ndizo dume la bata mzinga hupanda sauti alfajiri na jimbo humruhusu mtu kumfuata. Aprili ile kiwango cha watu wasio na kazi Marekani kilifika asilimia 14.7. Machinjio makubwa ya nyama yalianza kufungwa kwa sababu wafanyakazi waliugua, na rafu za nyama madukani zikaonyesha upungufu. Mtu mwenye leseni ya zamani iliyokaa kabatini aliikumbuka. Mwenye kijana nyumbani asiyekwenda shule alimchukua. Na wengine kama wewe waliingia msituni kwa mara ya kwanza.

Wataalamu walipokusanya takwimu za majimbo na kuzilinganisha na miaka iliyotangulia, picha ilikuwa hiyo hiyo uliyoiona kwa macho: katika majimbo mengi wawindaji waliongezeka na ndege waliouawa wakaongezeka. Jumanne yako isiyo na pa kuegesha gari inaeleza jambo kubwa kuliko idadi ya leseni. Kwa kawaida bata mzinga hupumzishwa na ratiba ya kazi ya binadamu. Jumamosi ya kufungua msimu ni vurugu, Jumapili vivyo hivyo, kisha Jumatatu mpaka Ijumaa msitu hurudi kwa wenyewe. Hakuna sheria iliyoandika mapumziko hayo. Yalitokana na saa za kiwandani na kengele ya shule tu, na sisi wenye kusimamia wanyama tulikuwa tukinufaika nayo bila kuyataja. Korona iliyaondoa kwa mpigo mmoja.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na nakuomba usome polepole. Kanuni nyingi za mawindo ya bata mzinga humhesabu mtu mmoja mmoja. Kwenu Kentucky mwindaji anaruhusiwa ndege wawili wenye ndevu (kishada cha nywele kifuani, alama ya dume) kwa msimu wa kuchipua, na asizidi mmoja kwa siku. Kanuni hiyo inamzuia mwenye tamaa. Haizuii umati. Wakija watu maradufu, kila mmoja akafuata sheria herufi kwa herufi, jimbo zima bado linaweza kupoteza ndege wengi kuliko lilivyokusudia, na hakuna hata mmoja aliyevunja sheria. Ili kufunga umati unahitaji kanuni ya aina nyingine: idadi maalumu ya vibali, bahati nasibu ya kuingia katika ardhi ya umma, au kusogeza tarehe. Majimbo mengi ya mashariki hayana vibali vya idadi maalumu kwa msimu wa kuchipua kwa sababu kwa miaka mingi hayakuvihitaji.

Umeuliza kwa nini serikali haikufunga. Baadhi zilifunga. Jimbo la Washington lilisimamisha mawindo, na msimu wa bata mzinga uliokuwa uanze katikati ya Aprili ukafunguliwa Mei 5. Nebraska ilisimamisha kuuza vibali kwa wawindaji wa kutoka majimbo mengine. Lakini zingatia sababu: hofu yao ilikuwa virusi kusafiri na wawindaji, wakilala moteli na kula hotelini katika miji midogo yenye hospitali ndogo. Ndege hawakuwa hoja. Na majimbo yaliyoacha wazi yalikuwa na hoja yao nzuri, kwamba mtu aliyekaa peke yake chini ya mti saa kumi na moja alfajiri hamwambukizi mtu. Kwa afya ya umma naona walikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu mezani pale wa kuuliza: tukiacha milango wazi hivi, wikiendi ya kwanza itakuwaje katika ardhi ya umma?

Maana shinikizo halikutawanyika sawasawa. Mwenye shamba lake la ekari mia mbili aliendelea kuwinda na mwanawe kama kawaida. Umati ulikwenda kwenye misitu ya umma, kwa sababu mgeni wa mawindo hana shamba wala hana jirani wa kumwomba ruhusa. Wewe mwenyewe uliona.

Sasa ndege wanafanyaje watu wanapojaa? Hili ni muhimu kwa kimya chako cha 2021, ingawa halikimalizi. Dume mzima ana kilo nane hadi kumi na moja, analala juu ya mti, na alfajiri kabla ya kushuka hulia ili majike wamjue alipo. Huo mlio ndio unaompa mwindaji njia. Watafiti waliotundika vinasa sauti misituni huko South Carolina, wakalinganisha sehemu zinazowindwa na zisizowindwa, walikuta kwamba mawindo yakianza milio hupungua. Sehemu moja ya upungufu huo ni rahisi kueleza, kwamba waliokuwa wakilia wamekufa. Sehemu nyingine ni kwamba waliobaki hujifunza. Dume aliyejibu mwigo wa sauti ya jike mara tatu na kila mara akakutana na mlio wa bunduki au binadamu anayejikwaa kwenye majani, hushuka mtini kimya na kwenda zake. Anaonekana shambani saa nne asubuhi na majike wake, hasemi neno. Kwa hiyo mtu anaposimama barabarani alfajiri, asikie kimya, kisha aseme ndege wamekwisha, amepima tabia badala ya idadi.

Kuna jambo jingine ambalo wanasayansi wenyewe hawajamaliza kulijadili. Bata mzinga madume wana ngazi za ukubwa. Dume mmoja mkubwa hupanda majike wengi, na wadogo zake husubiri. Michael Chamberlain wa Chuo Kikuu cha Georgia amekuwa akieleza hoja kwamba ukianza kuua madume wakubwa mapema, kabla majike hawajapandwa, unavuruga mpangilio ule: majike huchelewa, viota huchelewa, na vifaranga huangukia kwenye wiki mbaya. Hoja hiyo ina mantiki, na imeyasukuma majimbo kadhaa kusogeza tarehe mbele. Lakini Tennessee waliijaribu shambani. Katika wilaya kadhaa za kusini mwa jimbo msimu ulicheleweshwa wiki mbili, majike wakafungwa redio na kufuatiliwa, na watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo hawakuona kwamba kuchelewesha kumeongeza mafanikio ya viota. Msimamo wangu ni huu: kufungua mapema sana ni hatari isiyo na faida, lakini tusiwaahidi watu kwamba kusogeza tarehe peke yake kutarudisha ndege.

Kwa upande huo Kentucky mlikuwa na kinga ambayo wengi hawakuwa nayo. Msimu wenu huanza Jumamosi iliyo karibu zaidi na Aprili 15. Kufikia hapo majike wengi wamekwisha kupandwa, na wengine wako njiani kuatamia. Jike akishapandwa huhifadhi mbegu mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hata dume akifa kesho yake, mayai yake yana uhai. Umati ule ule wa korona ukiingia Alabama au Mississippi mwezi Machi unakuta ndege bado wanapangana. Ukiingia kwenu baada ya Aprili 15 unakuta kazi kubwa imefanyika.

Basi tuje kwenye kiota, maana huko ndiko jibu lako lilikolala.

Jike hajengi kitu cha kutazamwa. Huchagua mahali penye majani marefu au chini ya shina lililoanguka, anaparua udongo kidogo, anakalia. Anataga yai moja kwa siku, karibu kila siku, mpaka afikishe kama kumi au kumi na mawili, rangi ya maziwa yenye madoadoa ya kahawia. Siku za mwanzo anaondoka na kuyafunika kwa majani makavu. Kisha anaanza kuatamia na hapo anakaa kama siku 28, akitoka mara chache kunywa na kula. Siku 28 chini ardhini, katika msitu wenye rakuni, skanki, oposamu, nyoka, koyoti na kunguru! Viota vingi haviangui kabisa. Katika tafiti nyingi za kusini-mashariki mwa Marekani, kiota kinachofanikiwa ni kimoja katika vinne au vitano, na mahali pengine hali ni mbaya zaidi. Vikianguliwa, vifaranga wanaondoka na mama yao ndani ya siku moja, hawarudi tena. Kwa wiki mbili hivi hawawezi kuruka, wanalala ardhini chini ya mabawa ya mama, na wanakula wadudu, wadudu, wadudu. Mvua ya baridi ya siku mbili mfululizo katika wiki hizo inaweza kumaliza kundi zima, kwa sababu manyoya yao bado hayazuii maji.

Sasa fanya hesabu. Dume anayelia kwa nguvu na kumjia mwindaji kirahisi ni wa miaka miwili. Huyo ndiye anayejaza magari ya wawindaji. Dume wa miaka miwili mwaka 2021 alianguliwa 2019, mwaka mzima kabla ya korona. Na miezi 12 iliyoishia Juni 2019 ilikuwa na mvua nyingi kuliko miezi 12 yoyote iliyowahi kurekodiwa Marekani bara. Kimya chako cha 2021 kilianza kuandaliwa katika viota vya 2019, kikaongezwa na madume mliowatoa 2020 ambao baadhi yao wangebaki. Sipunguzi mchango wenu. Lakini mlivuna mapema sehemu ya ndege ambao hawakuwa na wadogo wa kutosha nyuma yao.

Na ile 2023? Angalia miaka miwili nyuma tena. Mei na Juni 2021, nyenze wa miaka 17 (wadudu wanaokaa ardhini miaka 17 kabla ya kutoka) waliibuka katika majimbo kadhaa, pamoja na maeneo ya Kentucky karibu na Louisville kwako. Nadhani unakumbuka, maana kelele zile hazisahauliki. Nyenze mmoja ni mlo mzito kwa kifaranga wa bata mzinga, hakimbii, na wako wengi kupita kiasi. Rakuni naye akishiba nyenze hatafuti mayai kwa bidii ile ile. Vifaranga wengi waliokoka 2021, wakawa madume vijana 2022, ambao bado hawalii sana na wengi huwaacha. Ndiyo maana 2022 ilikuwa bado kimya kwako. Kufikia 2023 wakawa wa miaka miwili, na wawindaji wa Kentucky wakarekodi zaidi ya ndege 35,000 katika msimu mmoja, moja ya hesabu kubwa kabisa katika historia ya jimbo. Ndege waliomalizwa 2020 wasingeweza kuzaa hesabu kama hiyo.

Wazee wako wasikilize hata hivyo. Wana haki ya kuogopa kwa sababu wao, au baba zao, waliishi Kentucky isiyo na bata mzinga. Karne ya 19 ilipoisha, misitu ilikuwa imekatwa na ndege wameuawa kwa ajili ya soko, mwaka mzima, bila kikomo. Kwenu walibaki wachache magharibi, katika eneo linaloitwa Land Between the Lakes. Kufuga na kuachia ndege wa bandani kulishindwa kila mahali, maana hawakujua kuogopa. Kilichofaulu ni nyavu zinazorushwa kwa baruti: unawawekea mahindi, wakikusanyika wavu unawaangukia, unawabeba wazima na kuwaachia msitu mwingine. Kati ya 1978 na 1997 Kentucky iliachia zaidi ya ndege 6,000 kwa njia hiyo. Baadhi walitoka Missouri, ambako watu walitaka fisi-maji warudi mitoni mwao. Kentucky ikanunua fisi-maji Louisiana, ikawapeleka Missouri, ikachukua bata mzinga. Nalipenda sana jambo hili, watu wa majimbo matatu kubadilishana wanyama ili kila bonde lirudishiwe kilichopotea. Mzee anayekutazama vibaya huenda alisimama shambani siku masanduku yalipofunguliwa.

Hofu yao ina msingi mwingine. Nchi nzima bata mzinga walifika karibu milioni saba mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo wamepungua kufikia takriban milioni sita. Upungufu mkubwa uko kusini-mashariki na sehemu za tambarare za kati. Ulianza muda mrefu kabla ya korona, na dalili yake ya kwanza haikuwa bunduki. Ilikuwa vifaranga wachache kwa kila jike anayehesabiwa kiangazi. Misitu imezeeka na kufunga, moto wa kudhibitiwa hauwashwi tena mahali pengi, manyoya ya rakuni hayana bei kwa hiyo hakuna anayemtega. Juu ya hayo wawindaji wana marisau ya tungsteni yanayoua mita 50 na zaidi, pale ambapo baba zao waliishia mita 35, na wana ndege bandia wa kutegea anayefanana na dume halisi mpaka manyoya. Mwindaji mmoja wa leo ni mzito kuliko mwindaji mmoja wa 1990. Mwongeze wenzake wa korona, ndipo utaelewa kwa nini majimbo yaliamka.

Na yaliamka kweli. Georgia, mwaka 2022, ilipunguza kikomo kutoka ndege watatu hadi wawili, ikasogeza ufunguzi mbele, na ardhi ya umma ikafunguliwa wiki moja baada ya mashamba binafsi. Alabama ilishuka kutoka watano hadi wanne na kukataza ndege bandia siku kumi za kwanza. Tennessee ilitoka wanne hadi watatu, kisha wawili. Oklahoma ikabaki na mmoja. Kansas na Nebraska ziliweka ukomo wa vibali kwa wawindaji wa kutoka majimbo mengine. Sitasema korona ndiyo iliyoandika kanuni hizo, kwa kuwa takwimu za vifaranga zilikuwa mezani tayari. Lakini iliwaonyesha watunga kanuni, katika msimu mmoja, inavyokuwa watu wote wakija pamoja. Kati ya mabadiliko yote hayo, la Georgia kuhusu ardhi ya umma ndilo linalonipendeza zaidi, kwa sababu linagusa mahali umati unapokwenda hasa.

Nikutolee mfano wa nyumbani kwetu, maana nawe unaujua ukanda ule. Miezi hiyo hiyo ya 2020 watalii waliacha kuja Uganda, mapato ya hifadhi yakakatika, watu wa vijijini wakakosa kazi. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliripoti kesi za ujangili zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia kati ya Februari na Mei, na mwanzoni mwa Juni gorila dume maarufu, Rafiki, aliuawa katika hifadhi ya Bwindi kwa mkuki wa mtu aliyekuwa akitafuta wanyama wadogo wa kitoweo. Njaa na muda wa bure viliwasukuma watu msituni pande zote mbili za bahari. Tofauti kubwa ni chombo kinachopokea msukumo huo. Kule mapato ya ulinzi yalikatika saa ile ile hatari ilipopanda. Marekani ilikuwa kinyume: tangu sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, kila bunduki na risasi inayouzwa hulipiwa ushuru wa asilimia 10 au 11 unaokwenda kwenye idara za wanyamapori za majimbo. Mwaka 2020 Wamarekani walinunua silaha kwa wingi usio na kifani, hivyo fedha za kutunza bata mzinga ziliongezeka wakati bata mzinga wanawindwa zaidi. Ada ya leseni yako nayo iliongezwa juu ya fedha hizo. Ukitazamwa vibaya tena, hilo unaweza kulisema kwa heshima, na ni la kweli.

Hukuuliza kama uendelee, lakini swali lako linalibeba. Endelea, na uwinde vizuri. Mambo machache kutoka kwa mtu anayewajali ndege hawa.

Ukimpata dume, tazama mguu. Ana mwiba nyuma ya mguu kama jogoo. Ukiwa kifundo kifupi chini ya sentimita moja na nusu hivi na butu, huyo ni wa mwaka jana. Ukiwa wa sentimita mbili na kidogo, ni wa miaka miwili. Ukizidi sentimita mbili na nusu na kujipinda wenye ncha kali, huyo ni mzee. Kwa aliye hai, tazama mkia akiutandaza: wa mwaka jana, manyoya ya katikati hutokeza juu ya mengine. Muache huyo. Sheria inakuruhusu kumpiga, lakini ndiye atakayelia mwaka ujao.

Usirundikane na wenzako siku ya kwanza kwenye ardhi ya umma. Wiki ya tatu ya msimu, majike wakiwa wameatamia, madume hubaki wapweke na hulia tena. Watu nao wamepungua. Ukikuta gari limeegeshwa mahali ulipokusudia, nenda pengine. Hiyo ni adabu, na ni usalama pia: kichwa cha dume kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, kwa hiyo usivae hata soksi ya rangi hizo msituni, na usimfuate mlio kwa kutambaa, maana unaweza kuwa ni mwindaji mwenzako anayeigiza. Kama ulizaliwa 1975 au baadaye, Kentucky inakutaka uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Ukiwa bado hujakichukua, kichukue kabla ya msimu.

Ripoti ndege wako siku ile ile kwa Telecheck, mfumo wa idara wa kuripoti kwa simu au mtandao, bila kukosa. Kila asiyeripoti anaipa idara hesabu ya uongo, na kwa hesabu hiyo kikomo cha mwaka ujao hupangwa.

La mwisho halihitaji bunduki. Kila Julai na Agosti idara ya wanyamapori ya Kentucky hukusanya hesabu ya vifaranga kutoka kwa wananchi. Wewe unapita barabara za mashambani kwenda na kurudi kazini, una nafasi nzuri kuliko wengi wetu maofisini. Ukiona kundi pembeni ya shamba, simama pasipo hatari, hesabu majike ni wangapi na vifaranga ni wangapi, andika tarehe na wilaya. Na ukiona jike peke yake asiye na kifaranga hata mmoja, mwandike huyo pia. Watu humwacha kwa kudhani hana habari, kisha takwimu zetu zinaonyesha uzazi mzuri kuliko uliopo. Chukua watoto wako mfanye pamoja, macho yao ni makali kuliko yetu.